Matembezi ya Milimani kwa Familia: Njia Ipimwe kwa Aliye Dhaifu

Kila inapokaribia likizo ya shule, ile ya Juni na ile ya Desemba, kamati za misikiti katika miji yetu ya Shinyanga, Kahama na Geita hupokea ombi lile lile: familia zinataka kutoka. Watoto wamemaliza mitihani, vijana wamechoshwa na vumbi la mjini, na wazee wanatamani kuiona nchi aliyoiumba Mola wao kabla magoti hayajakataa. Ombi ni jema, wala hatuoni sababu ya kulikataa. Taabu huanza linapoulizwa swali la pili: twende wapi? Hapo sauti za vijana hutangulia, jabali refu kuliko yote hutajwa, na basi hukodiwa. Siku ya safari nusu ya watu hupanda, na nusu hubaki kivulini kando ya basi wakilinda masufuria ya pilau.

Safari ya namna hiyo imeigawa familia badala ya kuikusanya. Bibi aliyelipa nauli sawa na mjukuu wake hurudi nyumbani bila ya kuona alichokwenda kukiona. Mtoto mwenye mguu mbovu hujifunza, bila ya kuambiwa na mtu, kuwa shughuli za jumuiya yake si zake. Na yapo mabaya zaidi ya huzuni: mwenye maradhi ya kifua anayeona haya kubaki chini, akapanda, pumzi ikamwishia mahali ambapo gari haifiki.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kuchagua matembezi ya siku moja, ya vilimani na milimani, yatakayowafaa watu wa nguvu zote. Tutaanza na watu, tufuate njia, kisha tutaje mahali, kwa maana huo ndio mpangilio unaostahiki. Wengi huanza na mahali, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Kipimo cha imamu

Kipimo tunachokipendekeza hakikubuniwa na sisi. Sahaba Uthman bin Abil-Aas (r.a.) alipomwomba Mtume (s.a.w.) amweke kuwa imamu wa watu wake, alikubaliwa, lakini kwa sharti kwamba awapime kwa yule aliye dhaifu zaidi miongoni mwao. Kila imamu anayeswalisha msikitini kwetu anaijua hukumu hii. Nyuma yake wamesimama mzee, mgonjwa, mama aliyemwacha mtoto akilia, na mtu mwenye shughuli inayomngoja. Kwa hiyo hupunguza kisomo, hata kama mwenyewe anaweza kusimama saa nzima.

Amiri wa safari ni mfano wa imamu huyo. Mwendo wake, urefu wa njia anayoichagua na vituo anavyoviweka havitazami uwezo wake yeye wala wa vijana wa mstari wa mbele. Akimjua aliye dhaifu zaidi katika msafara, amekwisha kuijua njia.

Aliye dhaifu ni nani?

Swali hili linaonekana jepesi, na kwa sababu hiyo wengi hulijibu vibaya. Tukitajiwa udhaifu twamfikiria mzee mwenye mkongojo. Mzee huyo kwa hakika anahitaji kuangaliwa, lakini udhaifu wake unaonekana na kila mtu, na yeye mwenyewe haufichi. Katika ukanda wetu wa dhahabu na almasi wapo dhaifu wengine ambao jicho haliwatambui.

Wa kwanza ni mtu aliyefanya kazi ya kuchimba na kusaga mawe kwa miaka mingi. Vumbi la mawe lenye silika hujeruhi mapafu, na madhara yake huweza kujitokeza baada ya miaka, hata kama mtu amekwisha kuacha kazi. Vumbi hilo humweka pia karibu zaidi na kifua kikuu. Mtu wa namna hiyo aweza kuwa na umri wa miaka 40, mwenye mikono minene na sauti kubwa, na bado akashindwa kupanda mteremko wa nusu saa. Tulipokuwa tukiandikisha majina ya safari moja, ndugu mmoja wa sifa hizo alitungoja hadi jamaa wote wametoka baada ya swala ya Isha, ndipo akatueleza kwa sauti ya chini kwamba ngazi za ghorofani humpumzisha mara mbili. Mbele za watu asingelisema. Kama tusingalimpa nafasi ya kusema faraghani, angelipanda pamoja na wengine kwa kuogopa kuchekwa.

Wa pili ni mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao umeenea zaidi katika Kanda ya Ziwa kuliko sehemu nyingi za nchi yetu. Upungufu wa maji mwilini, baridi, kazi nzito na hewa nyepesi ya mahali palipoinuka sana, kila kimoja kati ya hivi chaweza kumwamshia maumivu makali. Mtoto huyu anaweza kwenda matembezini, na ni haki yake kwenda, lakini njia yake iwe fupi na ya chini, maji yawe mengi, na nguo za joto ziwepo. Milima mirefu asipelekwe bila ya ushauri wa daktari wake.

Wa tatu ni wenye pumu, kisukari na presha. Mgonjwa wa kisukari akichelewa kula kwa sababu msafara umechelewa kufika, sukari yake yaweza kushuka njiani. Mwenye pumu ambaye dawa yake ya kuvuta imebaki ndani ya basi ni sawa na asiyekuwa na dawa. Tuongeze na mama mjamzito, mama anayenyonyesha, na ndugu zetu wenye ulemavu wa viungo au wa macho. Asiyeona anaweza kutembea vizuri kabisa katika njia isiyo na mashimo akiwa amemshika mwenzake begani; asiyeweza kutembea anahitaji mahali panapofikika kwa gari au kwa kiti cha magurudumu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kamati ni kuuliza, na kuuliza kwa adabu. Wanaume waulizwe mmoja mmoja na mtu anayeaminika kwa kutunza siri. Wanawake waulizwe na viongozi wao wa kike, kwa kuwa mambo mengine mama hatamwambia katibu wa msikiti. Maswali matatu yatosha: Je, unaweza kutembea saa moja bila ya kupumzika? Je, kuna dawa unayotumia? Je, kuna jambo ambalo ungependa amiri wa safari alijue?

Namna ya kuipima njia

Baada ya kuwajua watu, tuipime njia. Mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliweka mwaka 1892 kanuni ambayo hadi leo inatumika duniani, kwa kuwa ni nyepesi na haihitaji chombo. Kwa vipimo vyetu vya mita, hesabu ni hii: kila kilomita 5 za njia ni saa moja, na kila mita 600 za kupanda huongezwa saa moja nyingine. Muda huo ni wa mtu mzima mwenye afya, asiyepumzika. Kwa msafara wenye watoto na wazee, tunashauri kuongeza angalau nusu ya muda huo, na mahali penye mawe ya kukanyaga kwa uangalifu kuufanya mara mbili.

Urefu na mwinuko havitoshi. Yapo mambo mengine manne ya kuuliza kabla ya kukubali njia yoyote. La kwanza ni ardhi yenyewe: je, ni udongo, changarawe, au mwamba mtupu unaoteleza ukinyeshewa? La pili ni kivuli na maji. La tatu ni jua na mvua: katika ukanda wetu jua huzama karibu na saa 1 jioni mwaka mzima na giza huingia upesi, na wakati wa mvua mawingu ya radi mara nyingi hujikusanya alasiri. Kwa hiyo kupanda kuwe asubuhi, na alasiri itukute tukiwa chini. La nne, ambalo husahauliwa zaidi, ni mahali pa kugeukia. Njia njema ina vituo ambapo mtu aweza kusema, mimi nimefika, akakaa mahali pazuri penye kivuli pamoja na mwenzake, na matembezi yake yakahesabiwa kuwa yamekamilika.

Kutokana na hilo la nne, tunatoa kanuni moja kwa kamati zote: chagueni mahali penye milango miwili. Pawe na njia ya kupanda kwa miguu kwa wenye nguvu, na njia ya gari, boti au ardhi tambarare kwa wasio na nguvu, na njia zote mbili zifikie mandhari yenye kustahiki. Wote wale pamoja, waswali pamoja, na warudi na habari moja.

Hatua ya kwanza: karibu na nyumbani

Nchi yetu ya Usukumani ni uwanda mpana wenye vilima vya mawe ya matale, mawe ambayo umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Yale mawe makubwa yaliyopandana, ambayo mgeni hudhani yamepangwa kwa mikono, yalikuwa mwamba mmoja chini ya ardhi. Maji yaliupenya katika nyufa na kuumung'unya taratibu, kisha udongo uliokuwa juu yake ukachukuliwa na mvua, mawe yakabaki wazi. Mzazi anayetaka kumweleza mtoto wake habari ya subira anaweza kuanzia hapo.

Kwa wasioweza kupanda kabisa, tunapendekeza matembezi ya ngitili. Wasukuma tangu zamani wamekuwa wakilifunga eneo la malisho wakati wa mvua ili majani yahifadhiwe kwa ajili ya kiangazi. Misitu ilipofyekwa kwa wingi ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, Shinyanga ikafikia kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ambao uliifufua desturi hiyo ya ngitili. Na mwaka 2002 juhudi hizo zilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Leo ngitili nyingi zina miti, kivuli na ndege, nazo ziko juu ya ardhi tambarare. Bibi wa miaka 70 anaweza kutembea humo kwa saa moja na mkongojo wake. Lakini ngitili ina mwenyewe, ama kaya ama kijiji. Ruhusa iombwe mapema, na tusivunje hata tawi la kuni.

Vilima vya mawe vilivyo karibu na vijiji vyetu huwafaa vijana na watoto wakubwa, kwa sharti la kuwa na mwenyeji. Mwenyeji hujua mzinga wa nyuki ulipo, pango la nyoka, na mwamba usiofaa kukanyagwa. Zipo pia sehemu ambazo wanakijiji wanaziheshimu kwa sababu zao. Mgeni mwenye adabu huuliza kwanza. Siku ya mvua tusipande, maana mwamba uliolowa huteleza, na kilele kitupu wakati wa radi ni mahali pa hatari. Kanda ya Ziwa inajulikana kwa radi zake.

Hatari iliyo yetu peke yetu

Hapa tunawaomba wazazi wa Geita, Kahama na vijiji vyote vya wachimbaji wasome kwa makini. Vilima vingi vya ukanda huu vimechimbwa. Maduara yaliyoachwa hubaki wazi, majani huota kuyafunika mdomo, na mtoto anayekimbia hayaoni. Mahali pengine ardhi juu ya shimo la zamani ni nyembamba na yaweza kutitia. Kwa hiyo kilima chochote chenye historia ya uchimbaji kisichaguliwe kwa matembezi ya watoto, hata kama ni kizuri na kiko karibu. Maeneo yenye leseni ya migodi yasiingiliwe bila ya idhini. Mtendaji wa kijiji aulizwe kwa kinywa, na jibu lake lisikadiriwe kwa dhana.

Hatari ya pili ni maji. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu, na katika sehemu nyingine sianaidi hutumika kuichenjua. Madimbwi yaliyo karibu na mialo na makarasha yaweza kuonekana safi yakiwa na sumu ndani yake. Watoto wasioge humo, wasinywe, wala tusitawadhe kwayo. Maji ya kunywa na ya udhu tuyachukue kutoka nyumbani. Na yakitupungukia, yaliyobaki yawe ya kunywa, nasi tutayamamu. Dini yetu ni nyepesi, na afya ya mtoto ni amana.

Hatua ya pili: kisiwa cha Saanane

Kwa msafara mchanganyiko wa kutoka Shinyanga au Geita, hatujui mahali panapofaa zaidi ya Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, iliyo ndani ya Jiji la Mwanza. Kutoka Shinyanga mjini ni mwendo wa takriban kilomita 160 za lami. Kwa watu wa Geita, safari imekuwa nyepesi zaidi tangu mwaka 2025 lilipofunguliwa Daraja la John Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Sasa basi halingoji tena kivuko.

Kisiwa hiki kilichukua jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi na kufanya shughuli zake hapo kabla Serikali haijakifanya mahali pa kuhifadhia wanyama mwaka 1964. Kilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Boti huondokea upande wa Capri Point, na safari ya majini ni ya dakika chache tu. Humo mna swala, tumbili, pimbi wanaoota jua juu ya mawe, mijusi wa rangi na ndege wengi.

Sababu ya kukipendekeza ni ile milango miwili. Vijana hupanda miamba hadi juu, ambako ziwa na jiji lote huonekana. Wazee hutembea njia za chini kandokando ya maji na kupumzika kivulini. Kwa kuwa kisiwa ni kidogo, makundi hayo mawili hayatengani kwa zaidi ya saa moja au mbili. Mwenye kiti cha magurudumu aulizwe habari yake mapema katika ofisi ya hifadhi, kwa kuwa kupanda na kushuka botini kunahitaji msaada wa watu wenye mikono imara. Kila mtu avae koti la kujiokolea, mkubwa na mdogo. Na watoto wasiingie ziwani: kando za Ziwa Viktoria zina kichocho, na mamba hawatoi taarifa.

Wakazi wa Chato wana jirani mwingine, Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977 na kupewa sokwe walioletwa humo katika miaka ya 1960. Huko matembezi hufanyika msituni pamoja na askari wa hifadhi, kwa kuwa wamo tembo na viboko. Ni mahali pa vijana na watu wazima wanaoweza kutii amri ya kunyamaza. Watoto wadogo na msafara mkubwa hawapafai.

Hatua ya tatu: milima mirefu

Wapo wanaosafiri mwezi wa Juni au Desemba kwenda kwa jamaa zao Tanga na Kilimanjaro, na vijana wetu hawachoki kuuliza habari za milima ya huko. Tuitaje miwili, kwa kipimo kile kile.

Milima ya Usambara, upande wa Lushoto, ndiyo tunayoipendelea kwa familia. Mji wa Lushoto uko juu kiasi cha mita 1,400, mwendo wa kilomita 33 kutoka Mombo, na mwinuko huo hauzidi sana ule wa uwanda wetu, kwa hiyo hewa haimsumbui mtu. Kutoka mjini hadi genge la Irente ni kilomita 5 hadi 6 za njia inayopita kati ya mashamba na nyumba za watu. Genge hilo hukatika ghafla, na tambarare huonekana chini kabisa kama ramani iliyotandazwa. Wenye nguvu huenda kwa miguu na mwongozaji wa Lushoto. Wasio na nguvu hupelekwa kwa gari hadi karibu na genge lenyewe. Hiyo ndiyo milango miwili tuliyoisema. Watoto washikwe mikono wote wanapokuwa ukingoni, bila ya kumsamehe hata mmoja. Juni na Julai baridi yake si mchezo kwa mtu wa Shinyanga, basi masweta yasisahauliwe.

Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, una matembezi ya siku moja yanayojulikana: kutoka lango la Marangu hadi kituo cha Mandara. Lango liko juu kiasi cha mita 1,880 na Mandara iko mita 2,720. Njia ni kilomita 8 hivi, ndani ya msitu. Tuipime kwa kanuni ya Naismith: kilomita 8 ni saa 1 na dakika 36, na kupanda mita 840 ni saa 1 na dakika 24, jumla saa 3. Tukiongeza nusu kwa ajili ya kundi la kawaida, ni saa 4 na nusu. Msafara ukiondoka langoni saa 2 asubuhi, utafika saa 6 na nusu, Adhuhuri inapoingia. Ukipumzika saa moja na kushuka kwa saa 3, utakuwa langoni saa 10 na nusu. Ukiondoka saa 4, hesabu hiyo hiyo itakufikisha langoni giza likinyemelea. Hesabu nyepesi kama hii, ikifanywa nyumbani juu ya karatasi, huokoa mengi.

Njia hiyo tunaiona kuwa ya vijana na watu wazima wenye afya tu. Kuanzia mita 2,500 hivi baadhi ya watu hupatwa na maradhi ya mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu. Dawa yake ya kwanza ni kushuka, na anayeumwa asishuke peke yake. Mwenye selimundu na mwenye mapafu yaliyojeruhiwa wasipelekwe huko kwa ajili ya kufurahisha kundi. Familia ikiwa na watu wa aina zote, wengine wabaki Marangu na kwenda kwenye maporomoko ya Kinukamori, ambayo hayahitaji safari ndefu, kisha wote wakutane jioni.

Utaratibu wa siku yenyewe

Mbele atangulie mtu mwenye mwendo wa taratibu, na nyuma amalize mtu mwenye nguvu kuliko wote, mwenye begi la dawa. Wengi hufanya kinyume, na msafara hukatika vipande viwili kabla ya nusu saa. Asimame mtu yeyote mbele ya wa mwisho kisha wote wangoje. Na anapofika wa mwisho, asiambiwe twende wakati huo huo, maana waliotangulia wamepumzika na yeye bado. Hesabu ya watu ifanyike wakati wa kuondoka, kila kituo, na kabla basi halijawashwa. Kila watoto wanne wawe na mtu mzima mmoja anayewajua kwa majina.

Mtu mzima abebe angalau lita 2 za maji. Tende, karanga na ndizi ni chakula kizuri cha njiani. Pilau ingoje chini. Viatu viwe vilivyokwisha kuvaliwa mara kadhaa, kwa sababu kiatu kipya huuma mlimani. Akina mama wametueleza kuwa baibui refu hukanyagwa wakati wa kushuka, na kwamba gauni pana linaloishia kwenye kifundo, juu ya suruali pana, hutimiza stara na kulinda mguu. Tunalipokea neno lao, kwani wao ndio wavaaji.

Swala isiwe jambo la kukumbukwa njiani. Kwetu Adhuhuri huingia kati ya saa 6 na nusu na saa 7 mchana. Kituo cha chakula kiwe hapo hapo, mahali tambarare ambapo mzee aweza kuswali amekaa juu ya jiwe bila ya taabu. Safari ya Shinyanga hadi Mwanza inapita umbali ambao wanachuoni wameuruhusia kupunguza na kukusanya swala, na mwenye viatu vinavyofunika vifundo, alivyovivaa akiwa na udhu, ana ruhusa ya kupaka maji juu yake kwa masharti yanayojulikana. Imamu au ustadhi wa safari awaeleze watu hukumu hizi usiku wa kuamkia safari, ili pasizuke ubishi mlimani.

Na taka zote zirudi nasi. Kilima cha watu tumekikuta safi, na chupa za plastiki hazina udhuru.

Kabla ya likizo ijayo

Tunazishauri kamati ambazo zimekwisha kupokea ombi la safari zisitangaze mahali kwanza. Ijumaa hii watangaziwe watu kuwa safari ipo, na wateuliwe wawili, mwanamume na mwanamke, wa kupokea majina na maelezo ya faragha. Ijumaa ya pili, orodha ikiwa mkononi, amiri wa safari akae na vijana, na awasomee bila ya kutaja jina la mtu: tunao wazee sita, tunaye mwenye kifua, tunao watoto wawili wa selimundu, tunaye asiyetembea. Kisha awaulize wao wenyewe: njia gani itawafikisha hawa wote?

Tumeona kuwa vijana wakiulizwa hivyo hujibu vizuri. Wale wale waliokuwa wakidai jabali refu huanza kubishana ni nani atakayemshika mkono bibi fulani na ni nani atakayesukuma kiti. Nguvu yao haikupungua, imepata kazi. Na orodha hiyo ikikamilika, mahali pa kwenda huwa pamekwisha kujulikana.

Wabillahi tawfiq.